Bunduki Fupi Kutoka kwa Mpwa wa Houston

Maswali ya wasomaji kuhusu silaha za kiraia, leseni na uwindaji

Barua za mwezi huu, nyingi zikitoka Arusha na Moshi, zimeangukia jambo moja: bunduki za kigeni za mtindo unaoitwa bulpapu, yaani zile ambazo magazini yake hukaa nyuma ya kifyatulio, karibu na bega la mpigaji, badala ya mbele yake kama tulivyozoea kuona. Anayejibu hapa alitunza bunduki za kampuni ya uwindaji mjini Arusha kwa miaka mingi.

SWALI: Salaam. Mimi ni mstaafu wa Kibosho, Moshi. Nina shotigani ya mitutu miwili yenye leseni tangu nikiwa kazini, na hunisaidia kufukuza nguruwe pori shambani. Mpwa wangu anayeishi Houston amenitumia video ya bunduki fupi ya ajabu, magazini iko karibu na kwapa, na anasema huko raia huinunua dukani kwa chini ya dola 2,000. Anapendekeza yeye atume, mimi nitafute wateja miongoni mwa wenye mashamba na kampuni za safari. Kwa kuwa ni fupi na ni ya kiraia, si itahesabiwa kama bunduki ya kawaida tu?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naomba nianze na hilo neno "ya kiraia", kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Bunduki anayoiona mpwa wako dukani ilizaliwa jeshini. Ile ya Austria, Steyr AUG, ilipokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1977. Tavor ya Israeli na FAMAS ya Ufaransa nazo zilibuniwa kwa ajili ya askari. Inapotengenezwa kwa ajili ya raia, kinachoondolewa ni uwezo wa kumwaga risasi mfululizo kwa kubana kifyatulio mara moja. Lakini bado inajijaza yenyewe: unabana, risasi moja inatoka, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia chemba bila mkono wako kugusa chochote. Hiyo ndiyo nusu-otomatiki, na mtu wa leseni ataanza na hilo kabla hajauliza urefu wala rangi.

Kuhusu ufupi, mzee wangu, ufupi wa bulpapu si udogo wa nguvu. AUG ya kawaida ina urefu wa milimita 790 hivi kutoka ncha hadi kitako, na mtutu wake una milimita 508. M16A2 ya Marekani, yenye mtutu wa urefu huohuo, hufika takribani mita moja. Mtutu haukukatwa hata kidogo. Kilichofanyika ni kuihamisha mitambo yote ikaingia ndani ya kitako, mahali ambapo bunduki nyingine huwa na mbao au plastiki tupu. Mteja mmoja wa Austria, aliyewahi kutumikia jeshi la kwao, alinieleza jambo hili tukiwa kambini kwa kutumia fimbo yake ya kutembelea: aliishika katikati kama anayeshika kifyatulio, akaweka ncha moja begani, kisha akagonga kwa kidole sehemu iliyokuwa chini ya shavu lake na kusema, "Kila kitu kinalipuka hapa." Tangu siku ile sijamsikia mtu aliyelieleza vizuri zaidi.

Sasa sheria. Silaha nchini mwetu zinatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Leseni yako ni ya shotigani yako, kwa namba yake iliyochongwa kwenye chuma, wala haifuniki bunduki nyingine hata ikiwa ndogo kuliko hiyo. Kuagiza kwa ajili ya kuuza ni jambo lingine kabisa, linalotaka leseni ya biashara ya silaha na kibali cha kuingiza kilichotolewa kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka, si baada ya kufika bandarini. Juu ya hayo kuna Itifaki ya Nairobi, ambayo Tanzania na majirani zake waliitia saini tarehe 21 Aprili 2004, na ambayo ndani yake nchi hizo zilikubaliana kuwazuia raia kabisa kumiliki bunduki za otomatiki na nusu-otomatiki. Ukizisoma karatasi hizo mbili kwa pamoja, utaona kwa nini nakushauri usimtumie mpwa wako hata shilingi ya kianzio.

Kwa upande wake pia njia si nyeupe. Kutoa bunduki ya namna hiyo nje ya Marekani kunahitaji leseni ya usafirishaji, ambayo tangu Machi 2020 hutolewa na Wizara ya Biashara ya huko. Kuificha ndani ya kontena la spea au la mitumba ni kosa katika nchi mbili kwa mpigo, na jina litakaloandikwa kama mpokeaji wa mzigo ni lako, mzee wangu, si la mpwa.

Na hata kama milango yote ingekuwa wazi, wateja ungewapata wapi? Nyingi ya bulpapu hizi hupiga risasi ya 5.56, yaani ya kipenyo cha milimita 5.56, ambayo kichwa chake cha kawaida cha kijeshi kina uzito wa gramu 4 hivi. Kichwa cha risasi ya .375, yaani ya kipenyo cha inchi 0.375, inayobebwa na watu wanaowatembeza wageni kwa miguu penye nyati, kina gramu 19 na ushee. Hakuna kampuni ya safari yenye akili timamu itakayomweka mgeni nyuma ya mtu mwenye gramu 4 mbele ya nyati. Kwa nguruwe pori wa Kibosho, shotigani yako inatosha. Itie mafuta, na usisahau tarehe ya kulipia leseni.

SWALI: Ninafanya kazi katika kampuni ya utalii, Sakina, Arusha. Wageni wetu Wamarekani huniambia kwamba bulpapu za kigeni zilikuwa adimu kwao kwa miaka mingi. Nimeshangaa. Nchi iliyojaa bunduki kiasi kile inazuiaje bunduki kuingia?

JIBU: Swali zuri, na wageni wako wanasema kweli. Marekani ina sheria mbili zinazopishana: moja ya bunduki iliyotengenezwa ndani, nyingine ya bunduki inayotoka nje, na hiyo ya pili ni kali zaidi. Sheria ya mwaka 1968, iliyopitishwa baada ya mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka huohuo, na wakati watu bado wanakumbuka kwamba bunduki iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilikuwa masalia ya jeshi la Italia yaliyoagizwa kwa posta, iliweka sharti kwamba bunduki ya kigeni iingie tu ikiwa inafaa kwa michezo, maana yake uwindaji au shabaha. Kiwanda cha nyumbani hakikuwekewa kipimo hicho. Mimi binafsi naona kwamba sharti hilo lilivilinda viwanda vya ndani angalau kwa kiasi kilekile lilivyowalinda wananchi, lakini hayo ni maoni yangu.

Kwa miaka mingi kipimo hicho kilisomwa kwa ulegevu, na AUG ikauzwa huko miaka ya 1980. Kisha, Januari 1989, mtu aliingia na bunduki ya Kichina ya aina ya AK katika uwanja wa shule ya msingi mjini Stockton, California, akaua watoto watano. Serikali ya Bush baba ikasimamisha uingizaji, na katikati ya mwaka huohuo ikatangaza kwamba aina 43 za bunduki hazifai kwa michezo. AUG ilikuwa miongoni mwao. Meli zikasimama, na bei ya zile chache zilizokwisha kuingia ikapanda kama bei ya vitunguu Kwaresima.

Hapo ndipo ulipoanza mchezo wa paka na panya, ambao nauona wa kufundisha kuliko sehemu nyingine yote ya kisa hiki. Watengenezaji waliibadili AUG, wakaipa kitako chenye tundu la kidole gumba badala ya mshikio uliosimama peke yake, wakaiita bunduki ya michezo, ikaingia tena katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1998 serikali ya Clinton ikaangalia upya na kuufunga mlango huo nao, safari hii ikitazama uwezo wa bunduki kupokea magazini kubwa za kijeshi. Wakati huohuo kulikuwa na sheria nyingine ya mwaka 1994 iliyobana hata bunduki za ndani zenye sura ya kijeshi, na hiyo ikaisha muda wake mwaka 2004 bila kuhuishwa.

Ilipoisha, wafanyabiashara walirudi kwenye kifungu cha mwaka 1990 kinachohesabu vipuri. Kanuni yake inaorodhesha vipuri 20 vya bunduki, na inakataza kukusanya ndani ya Marekani bunduki ya sura iliyozuiwa kuingizwa ikiwa zaidi ya 10 kati ya vipuri hivyo vimetoka nje. Ukisoma kinyumenyume, utaona ruhusa iliyomo: vipuri vya kutosha vikitengenezwa huko, bunduki inakuwa ya Kimarekani. Ndiyo maana kampuni ya Israeli ilifungua tawi Pennsylvania, na Tavor ikaanza kuuzwa kwa raia mwaka 2013. Ndiyo maana Steyr nao wana nyumba yao Alabama. Mteja anadhani amenunua bunduki ya kigeni, kumbe amenunua hesabu ya vipuri iliyopigwa na wanasheria.

Kuna kipimo kingine ambacho napenda kuwaonyesha vijana kwa rula. Sheria yao ya mwaka 1934 inasema raifo yenye urefu wa jumla chini ya inchi 26, au mtutu chini ya inchi 16, huangukia kundi la silaha zinazosajiliwa kwa utaratibu mzito. Tavor ya kwanza ya kiraia ilikuwa na mtutu wa inchi 16 na nusu, na urefu wa jumla wa inchi 26 na moja ya nane. Moja ya nane ya inchi ni kama milimita 3, unene wa sarafu moja juu ya nyingine. Faida yote ya bulpapu ni ufupi, na mhandisi aliuchukua ufupi huo mpaka kwenye ukingo kabisa wa sheria, akaishia hapo.

Za Kichina ni kisa kingine: Mei 1994 Marekani ilifunga mlango kwa raifo za China, hivyo ndugu wa kiraia wa ile bulpapu ya jeshi la China alifika Kanada lakini si Marekani.

Wageni wako wakijisifu kwamba kwao ni uhuru, waambie pia habari za Australia. Jeshi la Australia lilitumia AUG iliyotengenezwa nyumbani kwao, katika kiwanda cha Lithgow, lakini baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, raia wa kawaida wa Australia akazuiwa kumiliki raifo za kujijaza zenyewe. Kiwanda kiko mtaani kwake, na bidhaa yake hawezi kuigusa.

SWALI: Mume wangu ni mwindaji mtaalamu, tunaishi Usa River. Mteja wake mmoja wa Ulaya anataka kuja msimu ujao na bulpapu yake ya kujijaza yenyewe ili awindie nyati. Mume wangu yuko porini na mteja anadai jibu. Nimwandikie nini?

JIBU: Dada yangu, mwandikie aiache nyumbani kwake. Kwa nyati, tembo na simba, kiwango cha chini kinachokubaliwa hapa kwetu ni .375, na bunduki za nusu-otomatiki haziruhusiwi kwa mwindaji mtalii. Alete raifo ya kukoki kwa mkono au ile ya mitutu miwili, na kama hana, kampuni humkodishia kwa utaratibu wake. Jibu lenyewe ni hilo, na liandike kwa adabu lakini bila kuacha mwanya, kwa sababu mteja aliyelipa pesa nyingi husoma neno "huenda" kama "ndiyo".

Niongeze jambo moja kutokana na makosa yangu mwenyewe. Mwaka fulani niliandaa karatasi za mteja aliyekuwa anatua uwanja wa KIA na .375 nzuri kuukuu, ya baba yake. Nilinakili namba ya bunduki kutoka kwenye picha aliyonitumia, na palipokuwa na 8 nikaandika 3. Usiku ule, ofisa alifungua sanduku, akatoa boliti, kile chuma kinachofunga chemba, iliyokuwa imefungwa ndani ya soksi ya sufu, akaiweka pembeni, kisha akainama na tochi ya simu kuisoma namba chini ya darubini, tarakimu moja moja, kidole chake kikifuata kwenye karatasi yangu. Kidole kikasimama. Bunduki ililala kwao siku tatu, na mteja akaenda porini na bunduki ya kukodi huku akinitazama kama mtu aliyeuza mbuzi wa ubatizo. Ofisa hakuwa na kosa lolote. Sasa fikiria kosa la tarakimu moja lilileta hayo kwa bunduki inayoruhusiwa. Hiyo ya mteja wenu itakuwaje?

SWALI: Mimi ni mlinzi katika kampuni binafsi, Njiro, nami natumia mkono wa kushoto. Nilipokuwa Nanyuki, Kenya, kwa shughuli za familia, niliwaona askari wa Uingereza wakiwa na bulpapu, wote wameishika kwa mkono wa kulia. Je, mashoto hawezi kuitumia?

JIBU: Umetazama vizuri, ndugu yangu. Bunduki uliyoiona ni SA80, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1985, na hiyo hupigwa kwa bega la kulia tu. Sababu ni mahali pa kutolea maganda. Katika raifo ya kawaida ganda hutoka mbele ya uso, lakini katika bulpapu tundu hilo liko palepale shavu linapolala, kwa hiyo ukiiweka bega la kushoto ganda la moto linakujia usoni, na mpini wa kukokia, unaokwenda na kurudi upande wa kulia, unakutafuta meno. Mashoto wa jeshi lile hufundishwa upya kwa mkono wa kulia.

Wengine walilitatua. AUG na Tavor zinaweza kubadilishwa boliti na upande wa tundu, FAMAS nayo ilikuwa na mpangilio wa kuhamishia kushoto, na FN F2000 ya Ubelgiji husukuma maganda kupitia bomba hadi mbele ya bunduki ndipo yanaanguka, jambo ambalo fundi yeyote atalipenda kabla hajaanza kulisafisha. Ubaya mwingine ni kifyatulio chenyewe: kwa kuwa kiko mbele na mitambo iko nyuma, kidole chako kinavuta fimbo ndefu inayopita ndani ya mwili wa bunduki, na mguso wake mara nyingi ni mzito na wa kuburuta. Wapiga shabaha wengi huilalamikia hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Kwa kazi yako ya ulindo hapa Njiro, shotigani unayokabidhiwa haina matatizo hayo. Hakikisha tu kwamba kitufe cha usalama unakifikia kwa kidole chako bila kuigeuza bunduki.

SWALI: Nafundisha sekondari, Moshi mjini. Waingereza, kwa jinsi ninavyosoma, hawaruhusu raia kumiliki hata bunduki inayofanana na ya jeshi lao. Je, tatizo ni umbo? Na je, tuiite nini kwa Kiswahili, maana "bulpapu" linanikera?

JIBU: Mwalimu, umbo si tatizo, na Waingereza wenyewe ndio ushahidi. Baada ya mauaji ya Hungerford, Agosti 1987, walipitisha sheria ya mwaka 1988 iliyowanyang'anya raia raifo za nusu-otomatiki, ukiacha zile ndogo za risasi ya .22. Lakini kwa miaka mingi vijana wa mafunzo ya ukadeti walipewa bunduki iitwayo L98A1, yenye umbo la SA80, magazini nyuma, kila kitu mahali pake, ila kila risasi ilibidi ikokiwe kwa mkono. Umbo ni la bulpapu. Mwendo ni wa bunduki ya kuwindia. Sheria ilikuwa inaangalia mwendo.

Kuhusu jina, nimesikia mafundi wa zamani wakisema "bunduki ya magazini kwapani", ambalo linaeleza vizuri lakini ni refu kwa fomu ya maombi. Hata hivyo, siku ukiwa mbele ya ofisa wa leseni, wala "bulpapu" wala "kwapani" halitaandikwa. Atauliza ni shotigani, raifo au bastola, atauliza kipenyo cha risasi, atauliza inajijaza au inakokiwa, kisha atataka kuiona namba kwa macho yake. Nenda na kitambaa kikavu, maana mafuta huijaza ile michongo na tarakimu zikafanana.